Sista, nimpe nini?

Jumanne usiku, saa tano kasoro, msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada mwanangu anaharisha nimpe nini." Basi. Hakuna salamu, hakuna umri wa mtoto, hata alama ya kuuliza hakuna.

Nilitaka kucheka, cheko likanikwama. Ujumbe ule niliwahi kuuandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, karibu neno kwa neno. Mimi nilianza na "Sista", basi, tofauti ni hiyo tu.

Kila mtaa una Sista wake. Wa kwetu hapa Tabata ni nesi wa zahanati, anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, na tulisoma darasa moja tangu la kwanza mpaka la saba. Kwa hiyo nilijiona nina haki naye kuliko wengine. Nilimuuliza kila kitu. Ugali uliolala unafaa? Kisigino kinapasuka, nipake nini? Dawa ya maumivu inanywewa na tumbo tupu? Kwa nini nikila maharage ya jioni sipati usingizi? Alijibu yote, mara nyingine yuko zamu ya usiku. Mimi nikishapata jibu langu naweka simu chini naendelea na sufuria zangu. Hata asante niliiandika nikikumbuka.

Basi mwanangu wa pili, akiwa na miezi minane, akaanza kuharisha Jumamosi jioni. Nikaandika: "Sista, mtoto anaharisha, nimpe nini?" Akajibu ndani ya dakika mbili: "Mpe ORS na zinki. Endelea kumnyonyesha. Nipo kazini, wagonjwa wengi." Nikamtuma binti dukani, akaja na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Pakiti ya ORS ni ndogo, inatosha kiganjani. Kwa akili yangu, kitu kidogo namna ile kinakwenda na kikombe kidogo. Nikapasua moja, nikamimina yote kwenye kikombe cha chai, nikakoroga na kijiko. Maandishi ya kwenye pakiti sikuyasoma. Nilikuwa nimeshamuuliza mtu anayejua, nisome ya nini tena? Mtoto akanywa kwa pupa, nikafurahi. Usiku hakulala. Midomo imekauka, analia sauti nyembamba, kijiko kikisogea anakidaka kwa mikono miwili. Nikasema kumbe anaipenda. Nikamchanganyia kikombe cha pili.

Asubuhi Sista alipotoka zamu akauliza: "Anaendeleaje? Na pakiti unachanganya kwenye maji kiasi gani?" Nikamjibu: "Kikombe."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena, akaacha. Kisha likaja neno moja: "Vaa." Halafu: "Nenda kituo cha afya sasa hivi. Usingoje nguo zikauke."

Pakiti ile, gramu 20.5, ni ya maji lita nzima. Lita, yaani chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1, au chupa mbili za nusu lita. Ukiiweka kwenye kikombe, chumvi inamzidi mtoto, na chumvi iliyozidi inavuta maji ya mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa anakunywa na kiu inaongezeka. Nilikuwa namkausha kwa mkono wangu, tena kwa upendo.

Ya foleni nayaruka. Ninachokikumbuka ni nesi wa pale akimfinya mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ikabaki imejikunja, ikarudi taratibu kama kitambaa kilicholowa. Nilijua kusoma uso wa nesi tangu siku ile. Akampima: kilo 8. Akapiga hesabu kwa sauti, mililita 75 mara 8, mililita 600 ndani ya saa nne. Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu endelea polepole zaidi. Nikakaa kwenye benchi na jagi la plastiki la ORS iliyochanganywa kama inavyotakiwa, nikinywesha mpaka mkono ukafa ganzi.

Akaniuliza pia: "Kabla ya hapa umempa nini?"

"ORS tu."

Uongo. Bibi yake alikuwa amempa maji ya majani ya mpera, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemsagia robo ya kidonge cha tumbo kilichobaki kabatini tangu baba yake alipougua. Niliona aibu. Nikamdanganya mtu anayejaribu kuniokolea mtoto, ili asinione mshamba. Nimekaa na hilo miaka mitatu, leo ndiyo mara ya kwanza kulisema.

Mtoto alipona. Jioni alikojoa, na sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Ungedhani nilikwenda kumshukuru Sista. Nilichofanya, wiki iliyofuata kwenye kikao cha kikoba, ni kusema mbele ya wanawake kumi na wanane: "Wengine tunawaita masista, hata kipimo cha maji hawakuambii." Wakacheka. Nikajisikia nafuu, maana kosa lilikuwa limepata mwenyewe mwingine. Mtaa wetu hauna siri, maneno yalimfika kabla sijamaliza kunawa mikono.

Miezi mitatu hakunijibu. Tiki mbili za bluu, kimya. Na mimi nikanuna, nikasema amejaa maringo. Niseme ukweli, mpaka leo kuna sehemu yangu inayosema angeandika tu "lita moja" yasingetokea yote haya. Herufi nane. Lakini najua alikuwa na mgonjwa mbele yake, na mimi nilikuwa na pakiti mkononi, na maandishi juu yake.

Nilikwenda kwake hatimaye na doti ya khanga na kilo mbili za sukari. Nikamkuta sebuleni, ametoka zamu, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Hakunifukuza, ila hakunikaribisha chai. Akachukua simu akaniwekea mbele ya macho. "Soma."

Jumbe 43 za siku moja. "Sista upo?" "Mambo sista, samahani." "Sista huu upele ni nini?" na picha imepigwa gizani, huoni kama ni mkono au goti. Kisha akanionyesha picha ya nepi iliyojaa, kutoka kwa namba asiyoijua. "Hii iliingia nikiwa na tonge mdomoni," akasema. Tukacheka, na hapo ndipo akasema lile lililoniuma kuliko miezi mitatu ya kimya: "Shoga, mwaka huu umeniuliza juu ya kisigino, ugali, maharage na mtoto. Siku mama yangu amelazwa hukuuliza anaendeleaje."

Sikujua hata kama mama yake alilazwa. Alikuwa ameiweka kwenye status. Niliipita.

Sasa, wapendwa, nisikilizeni. Mtu mwenye ujuzi huwezi kumuuliza nusu swali ukategemea jibu zima. Sista alinifundisha siku ile anachohitaji, na sikuwa nimewahi kumpa hata mara moja: mtoto ana umri gani, ana kilo ngapi, imeanza lini, mara ngapi tangu asubuhi, kuna damu, anatapika, anakunywa, amekojoa mara ya mwisho lini, na umeshampa nini. Hili la mwisho liseme hata kama linakuaibisha. Hasa kama linakuaibisha. Na ukishajibiwa, rudia ulichoelewa: "Kwa hiyo pakiti moja lita moja, ikipita saa 24 namwaga, na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata akiacha kuharisha, sivyo?" Hapo ndipo kosa linakamatwa. Ningerudia hivyo usiku ule, benchi lile nisingelijua.

Na kuna mambo huulizi rafiki kabisa. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kinachoingia, amepata degedege, amelegea haamki vizuri: simu ni ya kumwita mtu wa bajaji. Mtoto amekunywa mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe maziwa, kimbia naye hospitali. Jikoni kunanuka gesi: usiwashe wala usizime swichi yoyote, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watu nje, ndipo upige simu, zimamoto ni 114. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo usijidanganye kwamba harufu imepungua usawa wa pua yako. Nimewahi kusimama katikati ya jiko linalonuka gesi nikimtafuta fundi kwenye orodha ya namba, taa nimewasha ili nione simu vizuri. Mungu ana watu wake.

Huyo fundi ndiye Sista wangu wa upande wa nyumba. Ni mdogo wa shemeji yangu, anafunga umeme, na ana tabia moja iliyokuwa inanikera: ukimuuliza swali, anakuuliza swali. Nilimwandikia, "Shem, umeme unaisha haraka, tatizo nini?" Akajibu: "Ukizima kila kitu, taa nyekundu ya mita bado inameta?" Sikuwa najua mita ina taa nyekundu. Nikazima vyote, nikasimama mbele ya mita kama mtu anayesubiri mgeni. Haimeti. Akasema washa kimoja kimoja. Nikawasha friji, ikaanza kumeta, na haikupumzika robo saa nzima. "Chukua noti ya elfu moja, ifungie kwenye mlango wa friji, halafu ivute." Noti ikatoka bila kukwama, kama nimeivuta hewani. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa, baridi inatoka usiku kucha, mashine haizimi. Nikabadilisha mpira.

Miezi miwili nilikuwa nimeilaumu pasi na kuwagombeza watoto. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa nzima, na nani anapiga pasi saa nzima kila siku katika nyumba hii?

Ndipo nikamwelewa fundi, na Sista pia. Anayejua kweli atakurudishia swali. Wa kumwogopa ni yule anayekujibu kabla hujamaliza sentensi, na siku hizi wamejaa, kila kundi la WhatsApp lina watatu. Unasema kichwa kinauma, ameshakutajia dawa, kipimo, na duka la kununulia. Tubadilike, jamani. Tuwape nafasi ya kutuuliza. Tuwajulie hali siku ambayo hatuumwi. Ukimsumbua mtu saa moja ya usingizi wake, mtumie hata vocha. Wasalimie wazazi wao. Ninasema kwa ukali kwa sababu nimeyafanya yote haya, na najua wengi wenu mnayafanya sasa hivi mnaposoma.

Sista na mimi tunaongea. Haijarudi ilivyokuwa. Zamani alikuwa akipita anaingia bila kubisha, siku hizi anabisha.

Turudi kwa msomaji wangu wa Jumanne. Mimi si nesi, nikamwambia hivyo kwanza. Halafu nikamuuliza: miezi mingapi, kilo ngapi, imeanza lini, amekojoa lini? Akanijibu: "Dada mbona maswali mengi, si useme tu dawa." Nikaitambua sauti ile. Nikamwandikia: kilo zake zipo kwenye kadi ya kliniki, itafute.

Kimya, dakika kama sita. Nikadhani amenuna. Kisha zikaja jumbe tatu kwa mpigo. Kadi ilikuwa chini ya godoro. Miezi mitano, mara ya mwisho alikuwa na kilo 6 na nusu. Nepi ya mwisho yenye mkojo ilikuwa saa nane mchana, na tangu saa tatu hataki kunyonya.

Nikamwandikia: "Vaa."

Saa sita na robo alituma picha moja, haina maneno. Kiti cha nyuma cha bajaji, khanga, na mguu mdogo umetoka kwenye khanga.

(Wameruhusiwa Alhamisi. Amenikubalia niandike, mradi nisimtaje.)