Premio inagonga mbele baada ya kubadilisha shokapu

Pole ndugu. Toyota Premio yako kugonga "ko ko" mbele kwenye vishimo vidogo, mara tu baada ya kufungwa shokapu na linki za stablaiza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) zisizo orijino, si jambo la "itazoea" kama fundi alivyokuambia. Vyuma havizoei.

Fungua boneti, mwenzako alisukumesukume gari kwa mbele juu chini, wewe weka kidole kwenye nati ya juu ya shokapu. Ukihisi kitu kinagonga kidogo kidoleni, nati haijakazwa sawasawa. Mara nyingi ndiyo hiyo.

Nati hiyo ikiwa imetulia, ng'oa linki zote mbili, kulia na kushoto, uendeshe polepole barabara ileile. Kwenye kona gari litalala zaidi, usikimbize. Kelele ikipotea, linki ndiyo mbovu au imelegea.

Kama amu za chini (mikono ya chuma inayoshika magurudumu) nazo ziliguswa, boliti za bushi zake za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, mpira hubaki umejipinda na huchanika mapema.

Boljointi (kiungo kinachounganisha amu na gurudumu) ikicheza unapoinyanyua kwa mtaimbo, usiendeshe hata kidogo: gurudumu linaweza kukunjika barabarani. Mwite fundi mwingine alikague hapo hapo lilipo.