Angalia kandambili: kwa unayeanza kuratibu mazoezi ya watoto wenye saratani

Karibu kazini. Utakabidhiwa ratiba ya wodi na utadhani kazi ndiyo hiyo. Wodini si tatizo: yupo muuguzi, yupo mtaalamu wa mazoezi tiba, wapo watoto wenzake wa kumchokoza acheze. Mazoezi hukatika siku mtoto anaporuhusiwa. Akishapanda basi la Tabora, amebaki na bibi yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na binti wa miaka 7 mwenye saratani ya damu. Aliondoka anatembea vizuri. Wiki sita baadaye alirudi kliniki, kandambili ya kulia inamvuka kila baada ya hatua mbili tatu. Bibi yake akaniambia, "Mwanangu, nilimkataza hata kusimama sana. Si mgonjwa?" Hakuna aliyekuwa amemweleza, na wa kumweleza nilikuwa mimi. Bado inaniuma.

Tangu hapo kandambili ndiyo kipimo ninachowafundisha walezi wote. Vinkristini, dawa inayotumika sana kwa watoto hawa, hudhoofisha neva za miguu. Mtoto hushindwa kuinua vidole, anaburuza unyayo, au ananyanyua goti juu kama anayepita kwenye tope. Mwambie atembee kwa visigino. Akishindwa, daktari ajue siku hiyohiyo. Dawa za steroidi, ambazo nazo hutumika kwenye matibabu haya, hula misuli ya mapaja, ndiyo maana utamwona mtoto akijisukuma kwa mikono anapoinuka sakafuni.

Mfundishe anayelala naye, na usimfundishe kwa maneno. Mwache afanye mbele yako: kumwinua na kumkalisha mtoto kwenye stuli mara kumi, kumsimamisha akiegemea ukuta huku visigino vikigusa chini ili mashavu ya miguu yanyooke, kumshindanisha kuokota vizibo vya soda kwa vidole vya miguu. Hilo la vizibo watalirudia bila kuambiwa.

Kila asubuhi muulize muuguzi kabla hujamgusa mtoto yeyote. Homa ya nyuzi 38 ni dharura, si siku ya mazoezi. Chembe sahani, yaani chembe za kugandisha damu, zikishuka, kuruka na kugongana ni marufuku. Fuata kiwango cha wodi yenu. Lakini usimfute kwenye orodha. Kukunja na kukunjua nyayo akiwa kitandani, daktari akiridhia, ni mazoezi pia. Ukikutana na anayeamini dawa ya saratani ni kulala tu, mwonyeshe mwongozo wa kimataifa wa mazoezi kwa watoto hawa uliochapishwa 2021. Ujerumani wana mtandao wa ActiveOncoKids tangu 2012, wa kazi hiihii yetu.

Mtandao wetu sisi ni simu na daftari. Kabla ya ruhusa, tafuta mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya mkoa au wilaya anakokwenda mtoto, uzungumze naye mwenyewe. Barua peke yake hubaki kwenye mfuko wa mzazi. Asipokuwepo, mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwalimu naye usimsahau, maana kwa huruma tu atamkalisha mtoto darasani wenzake wakitoka kucheza.

Piga simu siku ya tatu, usingoje wiki ya tatu. Mlezi asipopokea, mpigie mhudumu; naye asipopokea, mpigie mwenyekiti wa kijiji. Namba zote hizo ziwe daftarini kabla mtoto hajatoka wodini.