Mume wangu huvutia sigara mlangoni, mtoto ana pumu

SWALI: Sista, tunaishi bedsita ghorofa ya tatu hapa Kayole. Tangu binti yetu wa miaka minne aonekane ana pumu, baba yake havuti tena ndani. Husimama mlangoni, akashusha pazia, akavutia kwenye korido. Lakini mtoto bado anakohoa usiku, na juzi tulimkimbiza hospitali akawekewa mashine ya mvuke. Mume wangu anasema ni vumbi na baridi ya Julai. Je, ni kweli?
Mama Imani

JIBU: Mama Imani, pole sana kwa kukesha. Baridi na vumbi huchokoza pumu, hapo Baba Imani hajakosea. Na kule kutoka nje ni juhudi. Mshukuru kabla hujamwambia mengine.

Ila pazia halizuii moshi. Korido za ploti zetu nazijua: milango inatazamana, hewa haina pa kutokea ila ngazini, na moshi unapenya chini ya mlango wako na wa jirani. Akimaliza anaingia, anambeba mtoto, na mabaki yamo kwenye sweta yake. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na njia za hewa za mtoto wa miaka minne ni nyembamba mno. Zikivimba kidogo tu, kifua kinaanza kulia.

Nilipokuwa wodi ya watoto nilikuwa nauliza kila mzazi: nani anavuta nyumbani? Hakuna, Sista. Nikiuliza tena, na pale mlangoni je? Hapo mama anamtazama baba.

Mwambie na hili. Jimbo la California, Marekani, lilipokataza sigara ndani ya baa mwaka 1998, watafiti waliwapima wahudumu wa baa wa San Francisco kabla na baada. Katika muda wa wiki chache tu kikohozi kilipungua na mapafu yakafanya kazi vizuri zaidi, hata kwa wale waliokuwa wavutaji wenyewe. Kama kifua cha mtu mzima hupata nafuu upesi hivyo, cha Imani je?

Kwa hiyo ashuke ngazi hadi nje ya geti, mbali na madirisha ya watu, na akirudi abadilishe shati na kunawa kabla ya kumshika mtoto. Hiyo ni ya kuanzia, maana dawa yenyewe ni kuacha. Linalomponza ni duka la chini linalouza sigara mojamoja. Sheria yetu ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, lakini mitaani nani anajali? Inaniuma, kwa sababu ile moja ya bei ndogo ndiyo inayomnasa kijana, na ndiyo inayomrudisha baba aliyekwisha kuacha. Akiwa tayari, apige 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Wewe nawe, rudi kliniki na inhela ya mtoto, muuguzi aone mnavyoitumia. Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Kama hamna spesa, yaani kile kichupa kinachounganishwa na inhela ili mtoto avute dawa vizuri, atakuonyesha kukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita: inatobolewa kitakoni, inhela inabana pale, na mtoto anapumulia mdomo wa chupa taratibu, mara tano au sita kwa kila dozi. Mwende na baba yake, naye ajifunze.