Kasi ya kifaru chepesi ni ya kuondokea

Kijana anayeingia vitani na kifaru chepesi kwa mara ya kwanza kwenye World of Tanks Blitz huwa namjua mapema. Kidole gumba cha kushoto kimesukumwa juu mpaka mwisho, macho yameganda kwenye namba ya kilomita kwa saa, na anatabasamu. Muda si mrefu yuko katikati ya ramani peke yake, vifaru vitatu vya adui vimemgeuzia mizinga, kifaru chake kinalipuliwa, na anarudi gereji wakati wenzake hawajamaliza hata robo ya njia. Halafu anasema bando ndilo limemwangusha. Bando lina makosa yake, nitayafikia, ila hapo limesingiziwa.

Nacheza gemu hili kwa simu, hapa hapa Mwanza, na vifaru vyepesi ndivyo ninavyovipenda kuliko aina nyingine zote. Wateja wanaoleta simu kwenye meza yangu ya ufundi pale Makoroboi wakinikuta nacheza huniuliza maswali yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike mara moja, niwe nawatumia linki.

Tuanze na bati, yaani chuma kinachokikinga kifaru, maana ndipo watu wanapojidanganya. Chukua M24 Chaffee. Kifaru chenyewe cha kweli kilikuwa cha Wamarekani, kilifika vitani Ulaya mwishoni mwa 1944, kikiwa na uzito wa tani 18 hivi, mzinga wa milimita 75 na kasi ya kilomita 56 kwa saa barabarani. Bati la mbele la bodi yake lilikuwa na unene wa milimita 25 tu. Sasa weka hesabu moja kichwani: kwenye gemu hili, risasi ya kutoboa bati ambayo kipenyo chake kinazidi mara tatu ya unene wa bati haidundi, hata ikigonga kwa mshazari mkali namna gani. Mara tatu ya 25 ni 75. T-34-85 ya Kisovieti inakuja na mzinga wa milimita 85. Kwa maana hiyo ule ujanja wa vifaru vizito wa kukaa mshazari ili risasi iteleze, wewe haukuhusu. Kaa mshazari, kaa uso kwa uso, risasi inaingia tu.

Risasi za mlipuko ndizo mbaya zaidi. Kifaru kizito zinakikwaruza, lakini kwenye bati lako jembamba zinapenya na kulipukia ndani. KV-2, kifaru kizito cha Kisovieti, ina mzinga wa milimita 152. Akikupata na risasi ya mlipuko mara moja, anaweza kukumaliza damu yote, yaani pointi za uhai wa kifaru chako. Kwa hiyo ukiona KV-2 kwenye orodha ya timu pinzani, jambo la kwanza ni kujua yuko upande gani wa ramani, na la pili ni kujua lini amefyatua, kwa sababu kujaza tena kunamchukua muda mrefu mno.

Haya si mambo ya gemu peke yake. Julai 1950, Chaffee za Wamarekani zilipokutana na T-34-85 kule Korea zilizidiwa vibaya. Zilitengenezwa kwa ajili ya upelelezi, zikapewa kazi ya kusimama na kuzuia.

Basi kazi ya kifaru chepesi ni ipi? Aliyenielewesha ni mjomba wangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba, ambaye usiku akishafunga hesabu zake hushika simu na kuendesha vifaru vizito tu. Blitz inaruhusu kuunda kikosi na rafiki mkaingia vitani pamoja, nasi ndivyo tunavyocheza. Siku za mwanzo nilikuwa nakwenda mbele kupiga, yeye akiwa bado anajikokota njiani. Akanipigia simu katikati ya vita: "Mwanangu, wewe shika karabai, wavu niachie mimi." Nikamwambia, "Sawa anko, ila karabai inachoma." Akacheka, akaendelea kupiga.

Ameshinda ziwani ujanani, anajua anachosema. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza wakiwa na taa. Taa haikamati hata dagaa mmoja, lakini bila taa wavu unarudi mtupu. Kwenye Blitz adui asipoonekana na mtu wa timu yako, haonekani kwenye skrini zenu, hata akiwa ameegesha uwanjani mchana kweupe. Wewe ndiye unayemfanya aonekane. Mwenzako akimpiga adui ambaye unamwangaza wewe, nawe unapata sehemu ya pointi na fedha. Wengi hawajui hili, ndiyo maana hupima vita kwa namba ya damu waliyomwaga wenyewe, wakiona ndogo wananuna.

Kwa kukaa mafichoni, kichaka ndiyo nyumba yako, lakini kuna namna ya kukitumia. Usikiingie ndani ukakaa hapo ukifyatua. Ukifyatua ukiwa umekigusa, kichaka hicho hakikufichi tena, unakuwa umeegesha nyuma ya kioo. Rudi nyuma kidogo, kichaka kibaki mbele yako kikikukinga, na dakika za kwanza usifyatue kabisa. Hili la mwisho linawashinda vijana kuliko yote. Adui anapita ubavu wazi, kidole kinawasha, mtu anapiga risasi moja ya damu kidogo, balbu ya kukuonya kwamba umeonekana inawaka, na karabai imezimika. Ile balbu yenyewe huwaka sekunde chache baada ya kuonekana, si papo hapo, kwa hiyo ukiiona tayari kuna mtu anakulenga. Usitafute ni nani. Ondoka kwanza, utamjua baadaye.

Hapo ndipo kasi inapoingia, na ndiyo maana ya kichwa cha habari. Watu wanadhani kasi imewekwa ili ufike mapema. Ni kweli kuna sehemu zinahitaji kufika mapema. Kwenye ramani ya Mines kile kilima cha katikati kinamfaa anayekitangulia, na timu ikiwa na vifaru vyepesi na vya kati viwili vitatu vinavyopanda pamoja, nendeni. Lakini ukipanda peke yako umekwenda kuuawa na wenzako wakishuhudia. Mimi kabla sijakwenda popote natafuta kwanza njia ya kurudi. Kama njia ya kutoka ni ile ile niliyoingilia, na inaonekana na adui, siingii. Kama kuna mwamba, nyumba au bonde la kuteremkia ndani ya sekunde mbili tatu, naingia, nawaangaza, nateremka. Himmelsdorf ina mitaa na majengo mengi ya kujificha, lakini kwa kifaru chepesi ni ramani mbaya mwanzoni, kwa kuwa kila kona inaweza kuwa na mtu mzito anayesubiri karibu, na kwa karibu hivyo karabai haina kazi. Huko mimi hubaki nyuma ya mjomba mpaka mitaa ifunguke.

Sasa bando, na hapa nawaandikia wa huku kwetu hasa. Seva tunazochezea wengi wetu ziko Ulaya. Amri ya kidole chako inatoka Mwanza, inakwenda huko, jibu linarudi. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio pingi, na yangu ikiwa chini ya milisekunde 200 nashukuru. Piga hesabu: ukienda kilomita 54 kwa saa unakata mita 15 kila sekunde, na pingi ya 200 ni sehemu ya tano ya sekunde, sawa na mita 3. Mita 3 ni zaidi ya nusu ya kifaru chako. Ukichungulia kona kwa kasi halafu ukavuta nyuma, wewe unaona umeshajificha, lakini kwa seva ubavu wako bado uko nje. Unapigwa ukiwa nyuma ya ukuta, unalalamika gemu lina wizi. Hakuna wizi. Punguza mwendo kabla ya kona, si kwenye kona, na chungulia kidogo kuliko mtu wa Ujerumani anavyochungulia.

Kwa sababu hiyo hiyo ule mchezo wa kumzunguka adui kwa kasi huku ukimpiga, kwa pingi yetu una hasara. Unakata usukani, kifaru kinaitikia kwa kuchelewa, unajikuta umegonga ukuta au umemgonga yeye. Na kumgonga mtu wa tani hamsini ukiwa na tani kumi na nane ni kujitoa damu mwenyewe, uzito ndio unaoamua. Mimi nazunguka tu vile vifaru visivyo na kichwa kinachozunguka, mfano Jagdpanther, ambaye lazima ageuze bodi nzima ndipo akuelekezee mzinga. Hata hapo naingia kwa nyuma, sianzii mbele.

Jingine la mtandao: hapa kwetu mtaa na mtaa hazifanani. Mimi nakaa Mabatini, mlimani, na chumba kilichoegemea upande wa jiwe kinaonyesha mnara mmoja wakati barazani napata yote. Nachezea barazani, mbu na yote. Na usicheze ukiwa umechomeka chaji. Nasema kama fundi: simu ikichemka, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, picha zinaanza kuruka, na unakosa shabaha kwenye sekunde uliyoihitaji. Betri ndiyo inayoumia zaidi. Naletewa simu ambazo mfuniko wa nyuma umeinuka upande mmoja kiasi cha kupitisha ukucha, ndani betri imejaa hewa kama andazi, na ukimhoji mwenyewe anakiri, "Kaka, huwa nacheza ikiwa kwenye chaji." Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, vua kava, vidole vifute jasho kila vita vikiisha.

Turudi uwanjani, dakika tatu zimepita. Vita vya Blitz ni saba kwa saba na havizidi dakika saba, kwa hiyo dakika ya tatu watu wameshapungua, na kifaru chepesi chenye damu nyingi sasa kinaanza kuwa na thamani. Mjomba yuko mtaani anapambana na Tiger, kifaru kizito cha Kijerumani. Tiger amemwelekezea uso, anatoka, anapiga, anarudi nyuma ya jengo. Mimi nimezunguka, niko ubavuni kwake, hajaniona. Hapa wengi hugusa kulenga kwa otomatiki, alama inajishika katikati ya bodi, wanapiga, damu kidogo inatoka, Tiger anageuza kichwa. Usifanye hivyo. Achia ile otomatiki, kuza picha, shusha alama mpaka kwenye gurudumu la mwisho kabisa, pale mnyororo unapojikunja. Subiri. Atoke kumpiga mjomba. Ametoka, bodi nusu iko nje, sasa anaanza kurudi. Piga. Mnyororo unakatika na Tiger anaganda pale pale barabarani, ubavu wote ukiwa wazi. Mjomba anampiga moja. Tiger anatumia kifaa cha kutengenezea, mnyororo unarudi, nakata wa pili. Risasi zangu zenyewe hazikutoa damu ya maana, lakini yote aliyoitoa mjomba wakati Tiger amekwama nami nimeandikiwa sehemu yangu.

Mwishoni kabisa, wakibaki wawili watatu kila upande, ndipo unaruhusiwa kukimbia unavyotaka. Mzito aliyebaki na damu kidogo hawezi kukufukuza. Wenzako wakizidiwa, nenda kateke kituo, lazima adui mmoja aache anachofanya aje kukutoa. Na wao wakiteka, wewe ndiye pekee utakayewahi kufika. Risasi moja inayomtoa damu anayeteka inamfutia pointi zake alizokusanya, hata kama ni ndogo. Kama ulikufa dakika ya kwanza, kazi hii haina mtu.

Kuhusu vifaa vya kufunga, mimi naweka lenzi za kuonea mbali kabla ya kitu kingine chochote. Wapo wanaotanguliza kujaza risasi haraka, na kwa kifaru cha kati ningewaunga mkono. Kwa chepesi hapana.

Swali la mwisho huwa ni la hela: ninunue kifaru gani cha dhahabu, yaani cha kulipia? Wengi huku hutamani Type 62 ya Kichina, na naelewa kwa nini, maana jeshi letu pia limewahi kuwa na vifaru hivyo na mtu anajisikia yuko nyumbani. Ni kifaru kizuri, mzinga wa milimita 85, na kwa mbali ni Type 59, kifaru cha kati cha Kichina, iliyopunguzwa mwili. Lakini bati lake nalo ni jembamba, na Tiger hatakuuliza umelipia au umepewa bure. Kama bado unafika katikati ya ramani peke yako, kaa na Chaffee, hela hiyo nunulia bando.