Oili ikivuja, usikimbilie sili

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa pikipiki, tone la oili mnalolikuta chini asubuhi linadanganya. Linaning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili, nanyi mnakaza bolti mpaka thredi zinakufa, kumbe oili imetoka juu kwenye kava la valvu, ikateremka kwenye mapezi ya silinda, upepo ukaisukuma nyuma.

Mimi iliniumbua Honda CG125 moja kuukuu, iliyolala uani kwa mwenyewe miezi mingi. Ilikuwa inalowa nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Nikabadilisha sili ya shafti, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Wiki ya pili jamaa huyo mlangoni, suruali imelowa oili mguu wa kushoto. Nikabadilisha tena, nikaisingizia sili ya bei rahisi. Ikarudi. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kuanza nacho: kuosha.

Fungua kava la sproketi, maana humo grisi ya cheni na vumbi hugandamana kama ukoko. Sugua injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha nyunyiza poda ya mtoto. Endesha pikipiki dakika 10, zima, chutama na tochi. Utaona mstari mweusi kwenye weupe. Ufuate kwenda juu na mbele mpaka unapoanzia. Ile CG ilinionyesha mistari mitatu: shafti ya sproketi, shafti ya gia na chini ya silinda. Sehemu tatu kuchoka siku moja? Hapana, kuna kitu kilikuwa kinasukuma.

Nikachomoa bomba la kupumulia la injini. Ndani nyigu alishajenga, udongo mkavu tii! Pistoni ikishuka, hewa iliyo tumboni mwa injini hutafuta pa kutokea; ikikosa, inapita kwenye sili na kubeba oili. Nikazibua, nikaweka sili ya tatu, hiyo kwa hela yangu.

Bomba likiwa wazi na bado linapuliza moshi mzito, shuku ringi za pistoni, na umwambie mteja kabla hujagusa kitu. Angalieni pia kipimo. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, stiki inasoma pungufu, mtu anajaza kupita kiasi. Isimamisheni wima, na kwenye CG stiki huchomekwa tu wakati wa kupima, haifungwi.

Sili yenyewe, upande wenye springi utazame oili. Paka oili mdomo wake, funika meno ya shafti kwa nailoni yasiukate. Pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwama kwenye kijifereji, usiizamishe sili mpaka mwisho, ibakize kama milimita 1 nje ili mdomo ukae mahali pazima.

Na nyie mnaopaka gundi ya silikoni kwenye maungio ya injini! Inayominyika nje mnaifuta. Ya ndani niliwahi kuitoa kwenye chujio la oili kwa kibano, imejikunja kama tambi.