Usijumlishe tu mapato ya faiba na ya simu

Umeuliza kama kampuni ikiunganisha faiba ya nyumbani (intaneti ya waya) na laini za simu hapa Mtwara, mpango wa biashara ujumlishe tu mapato ya pande zote mbili. Hapana, ndugu yangu! Nyumba ya Shangani ikishafungiwa Wi-Fi, bando wanazonunua baba, mama na watoto kwenye simu zinapungua palepale. Hesabu kaya, siyo laini. Faida kubwa iko kwenye gharama: faiba ileile inayofika kwenye mnara wa simu inaweza kuhudumia na nyumba za jirani. Halafu, tafadhali sana, wakulima wa Newala na Tandahimba hupata hela korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba. Bili ya kila mwezi itawaumiza. Waruhusu walipie miezi kadhaa kwa mkupuo wakati wa msimu.