Uliza Anti: Nacheza beki ila nataka kuimba

SWALI: Shikamoo Anti. Mi niko kidato cha tatu, nacheza beki timu ya shule. Likizo hii dadaangu kaniwekea filamu ya High School Musical, nikamwambia hizo za wasichana bwana, ila nimeimaliza na nikairudia kimyakimya wenzangu wamelala. Shida ni kwamba na mimi napenda kuimba, kwaya ya shule wananitaka maana sauti ya besi wako wawili tu, lakini nikiwagusia washkaji wanacheka, na anayeongoza kucheka ni rafiki yangu kipenzi. Halafu kuna mtu kaniambia eti Troy, yule kapteni wa basketi anayetaka kuimba, hakuimba mwenyewe, kweli?
Beki wa Kushoto, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, kwenye ile ya kwanza ya 2006 unayemwona ni Zac Efron ila sauti ya kwenye nyimbo kwa sehemu kubwa ni ya mwimbaji Drew Seeley. Ya pili, 2007, Efron kaimba mwenyewe.

Sasa hao washkaji. Watu wengi wanamlaumu Sharpay, yule binti nyota wa maigizo ya shule, kwa vile anajidai na anataka jukwaa liwe lake na pacha wake Ryan, lakini mi nikiiangalia naona aliyemuumiza Troy zaidi ni Chad, rafiki yake mwenyewe. Yeye na timu wanambana mpaka Troy anaropoka kwamba Gabriella, binti anayeimba naye, si kitu kwake, kumbe kompyuta iko wazi na binti anamwona na kumsikia laivu. Mi pale roho iliniuma. Na Chad hana ubaya jamani, anaogopa tu kapteni atawaacha kabla ya fainali! Ndo maana baadaye anarudi kumwambia ukweli, na siku ya fainali, iliyogongana na usaili wa kuimba, wenzao ndo wanafanya mpango taa za uwanjani zizimike ili Troy awahi kwenda kuimba.

Nadhani na huyo wako anaogopa hivyohivyo. Usimwambie mbele ya kundi, pale lazima acheke. Mvute pembeni baada ya mazoezi, mwambie unaimba ila namba yako huiachi na Jumamosi utakuwepo uwanjani.

Halafu rudia ile sehemu ya kantini, mtazame Zeke. Mchezaji wa basketi yule, anasimama anakiri kwamba anapenda kuoka, meza nzima inamshangaa, mwingine naye anasema anapiga chelo, ile kama fidla kubwa, wenzake hata hawajui ni kitu gani anawaonyesha kwa mikono. Wanawaambia wakae chini, waache mambo hayo. Zeke hakuacha kuoka, na mwishoni Sharpay huyohuyo mwenye maringo anaonja biskuti zake halafu anamkimbilia anazitaka zaidi, mi hapo hucheka mpaka machozi.

Kwaya nenda wiki hii hii mwanangu, besi wawili ni wachache mno. Na dadaako mwambie ukweli kwamba umeirudia, atafurahi sana.